Jina Mgongoni: Jezi ya Magongo ya Barafuni kama Matini ya Kuvaliwa

Utangulizi

Mwanamke anayenunua kanga Mombasa, Lamu au Unguja hanunui rangi na maua pekee. Huuliza jina. Jina, katika lugha ya wauzaji na wavaaji wa kanga, ni ule usemi uliochapwa sehemu ya chini ya mji, na mnunuzi asiyeridhika nalo aghalabu huirudisha kanga mahali pake hata kama rangi zake zimempendeza. Kampuni ya Mombasa ya Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, hutajwa miongoni mwa za mwanzo kuchapa misemo ya Kiswahili juu ya vazi hili. Tangu hapo wataalamu wa fasihi wameishughulikia kanga kwa mapana na marefu: ujumbe wake, vijembe vyake, na namna mvaaji anavyoweza kusema kwa kitambaa jambo ambalo ulimi wake usingethubutu kulitamka. Hakuna haja ya kuyarudia hayo hapa.

Makala haya yanageukia vazi jingine ambalo nalo huuzwa kwa jina, isipokuwa jina lake ni jina hasa, la mtu mwenye ukoo, mshahara na mkataba. Vazi hilo ni jezi ya mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, mchezo ambao makao yake makuu ni Kanada na Marekani. Msomaji wa Kenya anapolisikia neno magongo hufikiria mchezo wa uwanja wa nyasi, ule uliowafikisha Wakenya katika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona mwaka wa 1971. Huu wa barafuni ni binamu yake. Wachezaji sita wa kila upande, pamoja na mlinda lango, huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakikigombea kisahani kigumu cheusi cha mpira. Ligi yake kuu, NHL, iliundwa Montreal mwaka wa 1917 na sasa ina timu 32. Shabiki wa timu hizo anapoingia dukani, akachagua jezi kisha akalipa ziada ili itiwe jina na nambari mgongoni, huwa amenunua nini? Na jina hilo linapokuwa limeshonwa, huwa ni la nani?

Maswali hayo yanaonekana mepesi. Hata hivyo, mtu anayelipa fedha ambazo aghalabu huzidi dola 200 za Marekani kwa jezi halisi yenye jina ana haki ya kujua anachokinunua, na mwanafunzi wa fasihi ana sababu ya kuuliza ni kwa nini kitambaa kitupu kiwe rahisi kuliko kitambaa kilekile kilichoandikwa neno moja.

Kutoka Sweta hadi Jezi

Wazee wa Kanada bado huliita vazi hili sweta, na Wakanada wasemao Kifaransa huliita kwa neno lao lenye maana hiyohiyo. Sababu ni ya kihistoria. Mchezo ulianza kuchezwa nje, kwenye maziwa na mito iliyoganda, na wachezaji walivaa sufu nzito iliyofumwa ili wasife kwa baridi. Sufu ilipolowa jasho na theluji ilikuwa nzito mno. Baadaye zikaja nyuzi za viwandani zilizo nyepesi na zinazopitisha hewa, lakini neno sweta likabaki. Kwa hivyo, jina la vazi linahifadhi habari ambazo vazi lenyewe limekwisha kuzisahau, jambo ambalo halitamshangaza msomi yeyote wa semantiki.

Maandishi yalikuja kwa vipindi. Kwanza ilikuwa nembo ya kifuani. Nembo ya Montreal Canadiens, mathalani, ni herufi C iliyoikumbatia herufi H. Wapo mashabiki wanaoamini kwamba H ni ya Habitants, lakabu ya wakulima wa zamani wa Quebec ambayo timu hiyo hutaniwa nayo. Ukweli ni kwamba herufi hizo zinasimamia Club de hockey Canadien, basi. Hata hivyo, tafsiri ya mashabiki inaendelea kuishi pamoja na ile rasmi, kama vile majina mengi ya kanga yanavyoishi na maana mbili: ya kiwandani na ya mtaani.

Baada ya nembo zilifuata nambari, kisha jina la mchezaji. Hili la mwisho lilichelewa sana. Timu ya New York Americans ilijaribu kuweka majina mgongoni katika miaka ya 1920, lakini ligi nzima ililazimishwa kufanya hivyo kuanzia msimu wa 1977/78 tu. Kwa miongo mingi, mtazamaji aliyetaka kujua nambari 14 ni nani alilazimika kununua kijitabu cha mchezo kilichouzwa mlangoni, ambamo kila nambari ililinganishwa na jina. Nambari ilikuwa kitendawili na kijitabu kilikuwa jibu, na jibu halikuwa la bure.

Ndiyo sababu Harold Ballard, mmiliki wa Toronto Maple Leafs, aliipinga kanuni hiyo. Alihofu kwamba majina yakisomeka mgongoni hakuna atakayekinunua kijitabu. Ligi ilipomtishia kwa faini, mnamo Februari 1978 Ballard alikubali, na timu yake ikaingia uwanjani Chicago ikiwa na majina mgongoni: herufi za buluu zilizoshonwa juu ya jezi za rangi ya buluu. Majina yalikuwepo na hayakusomeka. Alikuwa ameitii sheria kwa herufi, na neno herufi hapa lichukuliwe kwa maana yake ya msingi kabisa. Ligi haikucheka, na muda si muda rangi za herufi zikabadilishwa. Kisa hiki husimuliwa kama mzaha, lakini kinafichua jambo zito: kabla ya jina kushonwa kwenye jezi hata moja, lilikuwa tayari limekadiriwa bei, na wamiliki waliligombania kwa kuwa walijua ni mali.

Nambari Inapopewa Heshima ya Marehemu

Nambari ina maisha yake. Tarehe 14 Februari 1934, Toronto iliamua kwamba nambari 6 ya Ace Bailey isivaliwe tena baada ya Bailey kuangushwa na Eddie Shore wa Boston mnamo Desemba 1933, akaumia kichwa kiasi kwamba hakucheza tena. Huo ndio mwanzo wa desturi ya kuistaafisha nambari katika ligi ya NHL. Leo bango lenye nambari na jina hupandishwa hadi darini mwa ukumbi, na mchezaji mpya huambiwa atafute nyingine. Mwaka wa 2000 ligi nzima iliistaafisha nambari 99 ya Wayne Gretzky. Gretzky mwenyewe alikuwa ameitaka nambari 9 kwa kumhusudu Gordie Howe. Katika timu yake ya ujanani kule Sault Ste. Marie nambari hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye akaishia kuvaa tisa mbili. Hivyo basi, nambari maarufu kuliko zote katika mchezo huu ilizaliwa kutokana na kukosa.

Ni kinaya kwamba nambari iliyokatazwa uwanjani hairuhusiwi kufa dukani. Hakuna mchezaji wa NHL anayeweza kuivaa 99, lakini shabiki yeyote mwenye fedha anaweza. Kustaafishwa huko huizidishia nambari thamani, kwa maana jezi ya namna hiyo haiwezi tena kuchafuliwa na mrithi asiyefaa.

Mfano unaogusa zaidi ni wa Willie O'Ree. Tarehe 18 Januari 1958 O'Ree aliichezea Boston Bruins na kuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi ya NHL. Mechi yake ya mwisho katika ligi hiyo ilikuwa mwaka wa 1961, wakati majina bado hayajafika migongoni. Watazamaji waliomtukana kwa rangi ya ngozi yake walikuwa wakimtazama mtu mwenye nambari tu. Tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili baada ya mechi ile ya kwanza, Boston iliistaafisha nambari yake, 22. Shabiki anayeishonesha jezi ya Boston maneno O'REE na 22 leo anaivaa jezi ambayo mwenyewe hakuwahi kuivaa ikiwa hivyo. Kihistoria ni kosa. Kifasihi ni jambo jingine kabisa: ni kuliandika jina mahali ambapo lilipaswa kuandikwa.

Kununua: Halisi, Nakala na Ghushi

Sokoni kuna jezi za namna tatu, na tofauti zake haziko kwenye bei pekee.

Ya kwanza ni jezi halisi, iliyoshonwa kwa vipimo vya mchezaji. Kitambaa chake ni kizito zaidi, viwiko vimeimarishwa, na ndani ya sehemu ya nyuma mna ukanda mfupi wenye kifungo. Mgeni anapouona ukanda huo hudhani ni wa kutundikia. La hasha. Mchezo huu una ngumi, na mpiganaji aliyevuliwa jezi kichwani huwa na mikono iliyo huru kuliko ya mwenzake. Kwa hivyo kanuni zinamtaka mchezaji aifunge jezi yake kwenye suruali kwa ukanda huo. Shabiki hana wa kupigana naye, lakini huulizia ukanda uleule anapotaka kuhakikisha kwamba hakuibiwa. Vipimo navyo ni vya nambari: 46, 50, 52, 54, 56 na kuendelea, na kipimo cha mlinda lango huongezewa herufi G kwa sababu mikono na mabega yake hukatwa mapana zaidi. Jezi hukatwa ili ivaliwe juu ya mito mikubwa ya kinga ya mabega na viwiko. Anayeivaa juu ya shati asishangae ikimpwaya.

Ya pili ni nakala rasmi. Hii imeruhusiwa na ligi, ina nembo sahihi, lakini kitambaa chake ni chepesi, imekatwa kwa mwili wa kawaida, na vipimo vyake ni vya herufi kama vya fulana. Kwa mtu anayetaka kuketi ukumbini akala bisi na kupiga mayowe, makala haya hayaoni aibu yoyote katika nakala.

Ya tatu ni ghushi. Dalili zake ni nyingi: nembo iliyokunjamana kwa sababu nyuzi zimevutwa mno, rangi iliyokaribia bila kufika, herufi zilizoachana kwa nafasi zisizo sawa, ukanda wa ndani ulioshonwa kwa pamba tu usioweza kumzuia hata mtoto. Dalili kubwa ni bei. Muuzaji anayetoa jezi halisi yenye jina kwa robo ya bei ya duka hana siri ya biashara ambayo wenzake hawaijui.

Mnunuzi azingatie pia mtengenezaji, kwa maana hawa hubadilika. Reebok ilileta mtindo wa jezi zinazobana zaidi mwaka wa 2007. Adidas ikashika nafasi hiyo kuanzia msimu wa 2017/18. Na tangu msimu wa 2024/25 wachezaji wa NHL wanavaa jezi za Fanatics. Jezi ya mtengenezaji aliyeondoka haigeuki kuwa ghushi kwa kuondoka kwake. Wapo hata wanaoitafuta kwa hamu. Tena kuna suala la rangi: hadi 2003 timu ya nyumbani ilivaa nyeupe, na tangu msimu wa 2003/04 timu ya nyumbani huvaa rangi iliyokoza. Mzee anayeshikilia kwamba jezi ya nyumbani ni nyeupe hajakosea. Anasema habari za enzi yake.

Juu ya ngazi hizi zote kuna jezi iliyovaliwa mchezoni. Hapa soko linapindua mantiki yake lenyewe. Doa la kisahani, alama nyeusi ya gongo, mshono uliochanika ukarudishiwa, vyote ambavyo vingeifanya jezi mpya itupwe, huipandisha bei. Jezi ambayo Paul Henderson aliivaa mjini Moscow tarehe 28 Septemba 1972, alipofunga bao la ushindi wa Kanada dhidi ya Muungano wa Kisovieti, iliuzwa kwa mnada mwaka wa 2010 kwa zaidi ya dola milioni 1 za Kanada. Hakuna aliyenunua kitambaa pale. Kilichonunuliwa ni ushahidi.

Kutia Jina

Jinsi jina linavyotiwa ni muhimu kama jina lenyewe. Njia rahisi ni ya kubandika: herufi za plastiki nyembamba hugandishwa kwa joto la mashine inayofanya kazi kama pasi. Herufi hizo huanza kubanduka baada ya kufuliwa mara nyingi, hasa zikianikwa kwenye joto kali. Njia ya mafundi ni ya kushona: herufi hukatwa kwenye kitambaa kigumu, zikawekwa tabaka mbili au tatu za rangi tofauti, kisha kila tabaka ikazungushiwa mshono wa zigizaga kwa cherehani. Jezi ya namna hiyo huwa nzito mgongoni. Mvaaji huihisi nambari yake hata bila kuiona.

Kuna jambo dogo katika ufundi huu linalosema mengi. Kwenye timu nyingi, herufi za jina hazishonwi moja kwa moja kwenye jezi. Hushonwa kwanza kwenye kipande kirefu cha kitambaa cha rangi ya jezi, na kipande hicho ndicho kinachoshonwa mgongoni, chini kidogo ya ukosi. Mchezaji akiondoka, fundi hufumua kipande kimoja badala ya herufi kumi. Kwa maneno mengine, vazi limeundwa likijua kwamba mwenye jina ataondoka. Shabiki hana habari hiyo, au anayo na anajifanya hana.

Tarehe 9 Agosti 1988 Edmonton Oilers ilimpeleka Gretzky Los Angeles Kings, naye alikuwa ndio kwanza ameisaidia Edmonton kutwaa Kombe la Stanley. Mashabiki wa Edmonton walibaki na majina mgongoni ya mtu aliyekuwa sasa mpinzani wao. Los Angeles, kwa upande wake, ilitumia fursa hiyo kuziacha rangi zake za zambarau na dhahabu na kuvaa nyeusi na fedha, na jezi hizo mpya zikanunuliwa hata na watu wasiowahi kuona barafu isipokuwa kwenye glasi. Jina moja, kwa siku moja, liligeuka msiba mjini huku na biashara mjini kule.

Kwa sababu hiyo wenye busara hununua jina la mchezaji aliyekwisha kustaafu. Aliyestaafu hauzwi. Wengine hubandika utepe juu ya jina la aliyehama na kuandika la mrithi wake, kazi ambayo huwa inachekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja. Ikumbukwe pia kwamba maduka mengi hayakubali kurudishiwa jezi iliyokwisha kutiwa jina. Kosa la tahajia kwenye fomu ya kuagizia ni la mnunuzi, naye atalivaa.

Je, shabiki atie jina lake mwenyewe? Suala hili huzua ubishi mkali kuliko unavyostahili. Wanaopinga husema kwamba mgongo wa jezi ni mahali pa waliocheza, na asiyeteleza kwenye barafu ile hana haki ya kujiorodhesha miongoni mwao. Hoja hii ina uzito wake, lakini inasahau jambo moja. Mvaaji wa kanga huchagua miongoni mwa maneno yaliyokwisha kutungwa na wengine. Mnunuzi wa jezi ndiye aliyepewa nafasi tupu na kuambiwa aandike atakalo. Kwamba wengi, wakipewa uhuru huo, huandika jina la mtu mwingine, ndilo jambo la kustaajabisha. Mtoto anayeliandikisha jina la baba yake juu ya nembo ya timu aipendayo hajamwibia yeyote. Amejitungia riwaya ya neno moja.

Nafasi hiyo tupu hutumiwa pia kwa vijembe. Toronto ilitwaa Kombe la Stanley mwaka wa 1967, kisha ikaingia katika ukame mrefu kupita kiasi. Atakayemnunulia shabiki wa Toronto jezi ya timu yake yenye nambari 67 atakuwa amempa zawadi ambayo kila mwanamke wa Pwani aliyewahi kupewa kanga ya mafumbo na wifi yake ataielewa bila kufafanuliwa.

Sweta la Roch Carrier

Fasihi ya Kanada ina hadithi fupi moja ambayo karibu kila mtoto wa huko huijua, na hadithi hiyo inahusu kununua jezi. Roch Carrier, mzaliwa wa kijiji cha Sainte-Justine katika Quebec, aliichapisha kwa Kifaransa mwaka wa 1979. Sheila Fischman aliitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka wa 1980 Sheldon Cohen aliigeuza filamu ya katuni. Inafahamika kama hadithi ya sweta la magongo.

Katika miaka ya 1940, watoto wote wa kijiji huvaa sweta la Montreal Canadiens lenye nambari 9 ya Maurice Richard. Sweta la msimulizi linapochakaa na kumbana, mama yake, ambaye hataki kununua nguo duka la kijijini, anaandika barua kwa heshima kwa Bwana Eaton, mwenye duka kubwa linalouza kwa katalogi, na kutia fedha ndani ya bahasha. Kinachorudi ni sweta la Toronto Maple Leafs: buluu, lenye lile jani ambalo tangu 1965 limo kwenye bendera ya Kanada. Mtoto analia. Mama hataki kulirudisha, kwani Bwana Eaton ni Mwingereza na huenda akaudhika. Mtoto analivaa, anatengwa na wenzake uwanjani, anavunja gongo kwa hasira, na padri anamtuma kanisani akaombe msamaha. Huko anamwomba Mungu ampelekee nondo wa kulila sweta lile.

Usahili wa hadithi hii usimhadae msomaji. Ndani ya kosa moja la posta mna historia nzima ya Quebec: duka la Waingereza, barua ya Kifaransa, mama anayemhofu mtu asiyemjua, na mtoto anayelazimishwa kuvaa nembo ya upande unaoshinda kwenye mambo yote isipokuwa magongo. Richard, kwa watu wa Quebec, hakuwa mfungaji mabao tu. Ligi ilipomsimamisha mnamo Machi 1955, fujo zilizuka katika mitaa ya Montreal. Carrier angeweza kuandika insha kuhusu lugha na mamlaka. Aliandika kuhusu kifurushi. Benki Kuu ya Kanada ilipotoa noti ya dola 5 mwaka wa 2002, iliweka sentensi kutoka hadithi hiyo kando ya picha ya watoto wakicheza barafuni. Malalamiko ya mtoto aliyeletewa bidhaa isiyo yake yakawa maandishi juu ya fedha ambazo hutumiwa kununulia bidhaa.

Inafaa kuonyeshwa pia kwamba sweta katika hadithi hiyo halina jina mgongoni. Lina nambari 9, na hiyo inatosha. Wote kumi uwanjani huitwa Richard.

Vazi Linaporudishwa

Kanga yaweza kukunjwa na kufungiwa sandukuni pale ujumbe wake unapopitwa na wakati. Jezi hutupwa. Mashabiki waliochoshwa na vipigo wamewahi kuzivua jezi zao na kuzirusha kwenye barafu mchezo ukiendelea. Tarehe 22 Machi 2014, Edmonton ilipokuwa inachapwa mabao 8 kwa 1 na jirani zake wa Calgary, jezi moja iliangukia karibu na mlinda lango wa Edmonton, Ben Scrivens. Scrivens aliiokota kwa gongo lake na kuirusha tena kwa mashabiki, kisha baadaye akaeleza kwamba vazi lile ni kitu ambacho wachezaji hujivunia kukivaa. Kila upande uliona umetukanwa. Shabiki alisema: nimelipia, ni yangu, naitupa. Mchezaji alijibu: ulilipia kitambaa.

Kuna maandishi mengine ambayo hayatupwi kwa sababu hayakupaswa kusomwa kamwe. Kabla ya fainali kubwa za michezo ya Marekani, kofia na fulana za bingwa huchapwa mapema kwa timu zote mbili, ili za mshindi ziwe tayari filimbi ya mwisho inapolia. Za aliyeshindwa hubaki. Ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL, kwa miaka mingi ilizipeleka nguo hizo, kupitia shirika la World Vision, kwa wahitaji katika nchi maskini. Hivyo ndivyo mtu aliye mbali na Marekani alivyoweza kuvaa fulana inayotangaza ubingwa ambao haukutokea: tamthilia iliyoandikwa, ikachapishwa, na isiigizwe.

Barafu ya Nairobi

Mwaka wa 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa katika Hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi. Ni mdogo kuliko uwanja rasmi wa NHL, ambao una urefu wa mita 61 hivi. Timu iliyochipuka hapo inaitwa Kenya Ice Lions. Kwa muda mrefu haikuwa na mpinzani katika ukanda mzima. Wachezaji walijigawa wakacheza wao kwa wao. Mwaka wa 2018 kampuni ya mikahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka baadhi yao Kanada, ikawapa vifaa kamili pamoja na jezi zao za timu, na wakacheza mechi upande mmoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wawili ambao majina yao hununuliwa sana mgongoni kule kwao. Safari hiyo ilirekodiwa kwa ajili ya tangazo la biashara, na haifai kusahaulika kwamba ilikuwa tangazo. Lakini katika mechi ile Crosby na MacKinnon ndio walioingia timu ya wengine.

Mwaka wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Hapana shaka jezi zitahitajika, na pamoja nazo mafundi, herufi na mtu wa kuamua ziandikwe nini. Jina la timu hadi sasa ni la Kiingereza. Simba wa Barafu lina herufi 13 na lingeenea vizuri kifuani pa jezi ya kipimo chochote, kuanzia 46 hadi ile pana ya mlinda lango.